Karata Alizolaza Mpishi

Melini, 3 Machi

Mke wangu,

Usishtuke kuona barua. Kilichokufa ni simu, si mimi. Jenereta tumeizima kwa sababu mafuta yaliyobaki ni ya pampu tu, na pampu ikikosa mafuta meli itakunywa maji na sisi tutakuwa chakula cha samaki. Barua hii nampa mwenye boti anayetuletea maji ya kunywa. Ni mtu wa watu. Ukinijibu, andika kwa anwani ya wakala wa meli iliyo nyuma ya bahasha, naye ataniletea.

Habari yenyewe ni hii: mwenye meli ametususa. Hapokei simu, na Nahodha alipomtuma mtu aende ofisini kwake, alikuta pale pamekuwa duka la magodoro. Mahakama imeikamata meli, na sisi tuliomo tumekamatwa nayo. Tumetia nanga nje ya bandari, saa chache tu kwa basi kutoka hapo nyumbani, karibu kiasi cha kuona watu wakianika nguo kwenye vibaraza vya maghorofa, lakini hakuna ruhusa ya kushuka mpaka kesi isikilizwe. Tumebaki wanne. Yupo Nahodha. Yupo Fundi Mitambo, mzee wetu, anayesema na mashine zake kama mtu anayembembeleza mke aliyenuna. Yupo baharia mmoja tunayemwita Kimya, na jina limemkaa. Na nipo mimi, mpishi nisiye na cha kupika: leo wali na maharage, kesho maharage na wali.

Lakini usinionee huruma sana, maana huku nimepata shule. Nahodha ametufundisha poka. Mama asisikie. Kila mtu anapewa karata zake, anazificha, anaweka dau katikati, kisha mnatazamana. Mwenye karata kubwa anakula. Utamu wake ni kwamba hata asiye na kitu anaweza kula, akizuga vizuri mpaka wenzake waogope na kulaza karata zao, yaani kujitoa na kuacha dau. Pesa hatuna, kwa hiyo tunacheza kwa nati za Fundi. Naye kila asubuhi anazihesabu kama mama kuku, tusije tukamwachia mtambo bila nati.

Juzi alikuja daktari wa bandari kutukagua. Jino langu la nyuma lilikuwa limevimbisha shavu mpaka Fundi akaanza kuniita Puto. Daktari akasema ataniandikia karatasi nishuke nikang'olewe. Nikamwambia limepoa, nitasukutua kwa maji ya chumvi, na chumvi ndiyo kitu pekee tusichopungukiwa hapa. Alicheka, akaenda zake.

Mama usimwambie haya. Mwambie tunasubiri shehena. Unamjua alivyo, mtaa mzima utapata habari kabla chai haijachemka. Mbusu mwanetu Kinanda. Bado anaongea mpaka usingizini?

Mumeo,
mpishi asiye na mapishi


Nyumbani, 21 Machi

Mume wangu,

Barua imefika ikinuka dizeli. Mara ya kwanza nimeisoma nikacheka, mara ya pili nikakaa chini. Kurasa nne umeniandikia, na neno "narudi" nimelitafuta sijaliona.

Mama nimemwambia mnasubiri shehena, kama ulivyotaka. Kesho yake shehena ilikuwa imeshakupandisha cheo. Alimwambia jirani yetu fundi viatu kwamba umepewa usimamizi wa majiko ya kampuni nzima, na kwamba ukirudi nyumba hii inabomolewa ijengwe upya. Sasa fundi viatu ananisalimia kwa mikono miwili, anataka umtafutie mwanawe kazi melini. Mimi natabasamu. Kwa dobi nako natabasamu, napiga pasi mashati ya watu mpaka miguu inavimba, na wenzangu wananiuliza mke wa mkubwa anatafuta nini kwenye joto lile. Nimechoka, baba Kinanda. Nyumba hii ina vyumba vitatu na hakuna hata kimoja ninamoweza kukaa na uso wangu mwenyewe.

Hiyo poka yako nimeijaribu. Vifungo vinavyong'oka kwenye mashati kwa dobi huwa navihifadhi, basi ndivyo vimekuwa dau. Nilianza na Kinanda, ila yeye akipata karata nzuri anainuka na kucheza ngoma. Mama akapita, akasema karata ni kazi ya wahuni. Kesho yake akapita tena, akauliza yule mwenye taji ni nani. Haikupita wiki alikuwa amekaa mkekani, amejifunga kibwebwe, na vifungo vyangu vyote viko kwake. Mama yako anazuga, we acha tu! Ananiambia, "Laza, mwanangu, usije ukalia," nami nalaza, kisha ananionyesha karata mbovu kuliko zangu na kucheka mpaka anashika mbavu.

Na hilo jino, limepoa kweli?

Mkeo


Melini, 18 Aprili

Mke wangu,

Hongera kwa kupata mwalimu. Kumbe nimezunguka bahari kujifunza kitu kilichokuwa kimekaa sebuleni kwetu.

Sisi tunacheza asubuhi, tukishatoa maji yaliyoingia chini. Poka inafundisha, usione ni karata. Karata mbaya si aibu, maana karata nyingi ni mbaya, na mwenye akili analaza mara nyingi kuliko anavyocheza. Na usimtazame mtu usoni. Uso unafundishika, tazama mikono. Kimya akiwa na kitu, kidole gumba hakitulii. Fundi Mitambo yeye ugonjwa wake ni kufukuza alichopoteza: akiliwa nati mbili anaweka nne ili azirudishe, akiliwa nne anaweka zote. Nahodha anamwambia, mzee, nati iliyoondoka si yako tena, cheza na zilizopo. Fundi anajibu kwamba nati zote humu ni zake kwa asili, sisi tumeazimwa tu. Tunacheka mpaka tunasahau tuko wapi. Halafu mtu anainua macho, anaziona zile nguo kwenye vibaraza vya watu, na kicheko kinakatika.

Sasa nisikilize. Mwenye boti ametuletea maneno ya mahakama. Nahodha anatakiwa akatoe ushahidi, kwa hiyo anashuka na harudi. Sisi watatu, wawili wameruhusiwa kwenda makwao. Mmoja lazima abaki, kwa sababu meli haitakiwi ikae tupu. Ikizama hapa itaziba njia ya bandari. Huyo ataitwa mlinzi wa meli, na atakaa mpaka meli iuzwe. Itauzwa lini, hata wakala hajui. Labda mwaka, labda miwili.

Fundi alisema abaki yeye, kwa kuwa ni mzee na hana haraka. Kisha akageuka ukutani akalia, kwa sababu mkewe ameanguka kiharusi na anamsubiri. Mimi nikajishughulisha na sufuria. Basi Kimya, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akatoa sentensi nzima: "Hakuna kujitolea hapa, tucheze." Tumekubaliana. Siku boti itakapokuja kuwachukua, kabla haijafika tutagawana nati sawasawa, na wa kwanza kuishiwa ndiye anabaki.

Usiwe na wasiwasi. Humu ndani mimi ndiye ninayewala wote.

Mumeo


Nyumbani, 29 Aprili

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, pasi imeunguza kola ya shati la mtu na dobi amenifokea mbele ya wateja. Watu wazima na ndevu zenu mnachezeana maisha kwa nati!

Lakini kwa kuwa mmeshapeana neno, basi cheza kwa akili. Usijifanye mwanaume kwa karata mbovu, na ukipata nzuri usizilaze. Kwenye hilo dau nimo mimi, yumo Kinanda, yumo na mama yako. Mwaka huu uliopita nimeuvuka kwa kujikaza kisabuni. Mwingine siuwezi. Nakwambia mapema, ili usije ukasema hukuambiwa: siuwezi.

Rudi. Hata na begi tupu, rudi.

Mkeo


Melini, 16 Mei

Mke wangu,

Nimebaki mimi.

Ndiyo mchezo, leo kwake kesho kwako. Karata hazikunijia. Wenzangu wameondoka na boti, Fundi alinikumbatia hakutaka kuniachia, mpaka mwenye boti akapiga honi. Nahodha aliniachia darubini yake na sabuni nusu.

Nimeosha sufuria zote, hata zile safi. Nikaweka vikombe vinne mezani kwa mazoea, nikarudisha vitatu. Meli ikiwa na watu huisikii, ila mtu akibaki peke yake inaanza kusema: mlango wa huku unagonga, mnyororo wa kule unasaga, na pampu chini inakohoa kama mgonjwa wa wodini. Nazunguka kuifungia milango, nikimaliza wa mwisho ule wa kwanza umeshafunguka. Nasema peke yangu kwa sauti, halafu najinyamazisha.

Ukimwona fundi viatu msalimie. Kinanda mwambie baba yake ana meli nzima.

Mumeo


Nyumbani, 2 Juni

Mume wangu,

Fundi Mitambo amekuja. Nilikuwa ndio nimerudi kutoka kwa dobi. Alisimama nje na kofia mkononi, akashindwa hata kubisha hodi, mpaka Kinanda akamwona na kupiga kelele kwamba kuna babu amepotea. Nikamkaribisha. Akanywa chai, akaisifu chai, akaisifu nyumba, akamsifu na Kinanda kwa makelele yake. Kisha likamtoka.

Alisema kwenye ule mchezo yeye alikuwa na jozi ya sita tu, na kwa ugonjwa wake wa kufukuza akasukuma nati zake zote katikati. Wewe ulikuwa umeshaweka karibu zako zote. Ukazitazama karata zako, ukamtazama yeye, ukazilaza, ukaenda kuinjika chai. Kimya, ambaye hana adabu ya mchezo, akazifunua. Kwini watatu, wanaoila jozi yoyote. Akazifunika tena upesi. Uliporudi na birika, zile nati mbili ulizobakiwa nazo zikaliwa kwenye raundi iliyofuata.

Mzee alilia mbele yetu. Aliniambia, "Mumeo alijua sina kitu. Alinipa mke wangu." Mkewe sasa anakaa kitini, anaanza kumtambua.

Mama alikuwa amekaa pale pale, kwa hiyo siri yako ya shehena ndiyo imeishia hapo. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nimekasirika mpaka nimepiga pasi shati lile lile mara mbili. Kisha hasira ikashuka, nikasema huyu ndiye niliyeolewa naye, mtu anayeweza kumwachia mzee wa watu nafasi yake. Ungekuwa karibu ningekupiga kofi na kukubusu kwa mpigo mmoja. Ila kwa nini uliniambia karata hazikukujia?

Mkeo


Melini, 20 Juni

Mke wangu mpenzi,

Sikutaka ujue. Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa. Mzee ana mke anayemsubiri, na mimi ni kijana bado, nina mgongo wa kuvumilia. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Watu wanadhani poka ni kushinda tu. Kumbe inakufundisha pia kujua kipi cha kupoteza.

Nashukuru kwamba umenielewa. Barua yako naisoma kila nikimaliza kuendesha pampu. Mama mwambie asihuzunike. Na watu wakiuliza, waambie nimekabidhiwa dhamana ya meli nzima. Hilo si uongo.

Mumeo


Nyumbani, 15 Julai

Mume wangu,

Methali inasema nenda zako. Wewe hukwenda zako popote. Ulibaki.

Nilikuwa nimekusamehe, na ningeendelea kukusamehe, kama si hayo maneno yako ya mwisho ya dhamana ya meli nzima. Nilimsomea Mama tukiwa mkekani, vifungo katikati yetu. Alizifunika karata zake mkekani. Kisha akasema, "Mwanangu haogopi kupoteza. Anaogopa kufika."

Nikamuuliza anasema nini. Akaniambia alijua tangu ile barua ya kwanza kwamba shehena hakuna, kwa kuwa mimi niliposema neno hilo nilikuwa nakunja nguo ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Na yale majiko ya kampuni, na nyumba ya kubomolewa, alikuwa anayatunga ili watu wasiulize zaidi. Alisema, "Nilimpandisha juu kwa mdomo wangu, sasa ngazi ya kushukia haioni." Alilia, na mimi nikalia, na Kinanda akatuuliza nani kashinda. Ndiyo nyumba yetu hiyo: mimi namzuga Mama, Mama ananizuga mimi, wote wawili tunawazuga majirani, na wewe unatuzuga sote kutoka majini. Na hakuna hata mmoja kati yetu mwenye karata.

Basi nikazitoa barua zako, nikazisoma tena kama unavyonifundisha, nikaacha uso nikatazama mikono. Daktari alitaka kukushusha kwa jino, ukamwambia limepoa, na shavu limevimba kama puto. Kwini watatu mkononi, ukaenda kuinjika chai. Mzee Fundi ulimwonea huruma, sawa, nakubali kiasi. Lakini hukumpa yeye nafasi tu. Ulijitafutia mahali ambapo hakuna atakayekuuliza umerudi na nini. Umefungwa, ndiyo, naona. Ila mlango mmoja umeufunga mwenyewe, na mimi umeniacha upande wa pili nikitabasamu kwa fundi viatu.

Nimekuambia siuwezi mwaka mwingine. Nilimwomba dobi ruhusa ya siku moja, nikapanda basi na Kinanda mpaka kwa wakala wako. Ni mtu mwenye feni mbili na kiti kimoja cha wageni. Alisema hakuna utaratibu wa kubadilisha mlinzi, na mlinzi mwenyewe hajalalamika. Nikasema sawa, tutasubiri. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mimi sina kazi wala haraka, leo tupo, kesho tupo, na keshokutwa tutakuja na mama mkwe, ambaye ana maneno. Uso wangu ulikuwa mkavu. Ruhusa yangu ilikuwa ya siku ile tu, na tiketi ya basi la kurudi nilikuwa nimeificha ndani ya blauzi. Kinanda alimwimbia, akamuuliza kwa nini feni mbili, akamuuliza kama zimeoana, akampangia kalamu zake kwa urefu. Kabla saa ya chakula haijafika wakala alikuwa kwenye simu. Amepata mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa maghala, hana familia, kazi ya kukaa mahali anaipenda. Atapanda na boti ya maji ya mwezi ujao, nawe utashuka nayo.

Tulipotoka nilimbeba Kinanda kwenye ukuta wa bandari, nikaiona meli yako. Ina kutu kuliko ulivyoandika. Kulikuwa na mtu juu, anaanika shati. Sikukupungia mkono. Kinanda aliniuliza yule ni nani, nikamwambia ni mlinzi wa meli.

Sitakuja kukupokea. Barabara unaijua. Kama hutaki kurudi, andika kwamba hutaki, nimchukue mwanangu nikapange chumba changu nianze upya. Sitaki kubaki hapa kwa sababu tu nimeshangoja sana.

Mkeo


Nyumba ya wageni, mbele ya geti la bandari, 23 Agosti

Mke wangu,

Nimeshuka.

Yule mzee wa maghala alikuja, nikamwonyesha pampu, nikamwonyesha mlango unaogonga, akaniambia nenda kijana, mimi nimeshazoea vitu vinavyogonga. Nilipokanyaga gati ardhi ikawa inayumba, mwenye boti akanishika mkono. Alinipeleka hapa, kwa ndugu yake mwenye nyumba ya wageni. Chumba kina kitanda na ndoo, na dirisha linatazama stendi ya mabasi.

Ningekuwa nimeshafika zamani. Kila asubuhi nafunga begi, nalipa, natoka, navuka barabara. Basi letu lipo pale, jina la mji wetu limeandikwa juu ya kioo. Kondakta ananiambia panda, mzee, kuna kiti dirishani. Namwambia nanunua maji kwanza. Naenda dukani, nanunua maji, nasimama nyuma ya kibanda mpaka nisikie basi linaondoka. Kisha narudi, ndugu yake mwenye boti ananipa ufunguo ule ule. Kondakta ameshanizoea. Leo aliniuliza, "Bado una kiu?" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Ulivyosema ni kweli, na mama kasema kweli. Nilipowaona wale kwini nilizifunika karata haraka. Nilijua nimeshinda, na kushinda maana yake ni kupita pale mtaani mchana, watu wamekaa, nimebeba begi lenye mashati mawili na darubini ya mtu. Siku naondoka nilikuahidi utaacha pasi. Nilikuahidi mbele ya watu, nikicheka. Mzee Fundi akasukuma nati zake, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipata pa kujificha, tena mahali ambapo watu watanisifu.

Nilidhani ni meli iliyonishika. Sasa meli iko kule, naiona kwa darubini, na mimi niko huku, nina miguu yangu, na kupanda basi siwezi. Naona haya hata kukuandikia. Nakupenda na siwezi kuja. Sielewi mtu anaishije na mambo hayo mawili.

Barua hii nampa kondakta, anasema dobi wenu anamfahamu. Sina kitu, mke wangu. Sizugi. Njoo unichukue.

Mumeo


Nyumbani, 24 Agosti

Mume wangu,

Kondakta ameniletea barua mpaka kwenye meza ya pasi. Nimemwomba anisubiri, naandikia mgongoni mwa risiti ya dobi.

Kesho tunapanda basi la kwanza, tutafika kwako kabla ya mchana. Usiende stendi, kaa hapo hapo chumbani. Mama anakuja pia, nimemkataza amekataa kukatazwa. Ametoka sasa hivi kwa fundi viatu. Amemwambia kwa mdomo wake kwamba mwanawe hana meli, hana cheo, hana hata hela ya kunyoa ndevu, na kwamba anakwenda kumchukua. Fundi viatu ameuliza kama unahitaji viatu.

Ukituona usianze kueleza. Mbebe mtoto, tupande basi.

Mkeo